Nilichokiona Bordeaux Kabla ya Kung'oa Mizabibu ya Baba

Baba alipofariki alituachia eka tano za mizabibu Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, na mimi ndiye niliyetoa shauri kwamba tuing'oe. Sababu zilikuwa wazi kwa kila mtu nyumbani. Msimu wa Agosti uliotangulia zabibu ziliiva vizuri, zikakaa kwenye waya zikisubiri gari la mnunuzi, na gari halikuja. Kiwanda kilichokuwa kikinunua kwetu miaka yote kilisema matangi yamejaa. Vichala vikaanza kunywea, nyuki wakavamia, na alipotokea mchuuzi mmoja na bei isiyorudisha hata gharama ya dawa ya ubwiri, mama akakubali, maana zabibu si mtama wa kuwekwa ghalani hadi bei ipande.

Mimi nilikuwa Liège, Ubelgiji, nafanya kazi ya uuguzi. Kila mwezi nilituma fedha nyumbani, na sehemu yake iliishia shambani: nguzo zilizoliwa na mchwa, waya, vibarua wa kupogolea mara mbili kwa mwaka, kwa sababu Dodoma mzabibu huzaa misimu miwili. Nikapiga hesabu nikaona alizeti haina madai hayo. Kaka yangu mkubwa akasema sawa. Mdogo wetu akanyamaza. Mama akasema tufanye tunavyoona. Tukapanga kusubiri mvua za Desemba zilainishe ardhi, kisha trekta lipite.

Oktoba 2023, kabla ya mvua hizo, nilikwenda Bordeaux, na kwa sababu ya niliyoyaona huko mizabibu ya baba bado imesimama. Si yote, lakini sehemu kubwa. Ushuhuda huu nautoa kwa wenye mashamba ya zabibu Dodoma, na zaidi kwa watoto wao tuliotawanyika mbali tukiamua mambo ya shamba kwa simu.

Safari yenyewe haikuwa wazo langu. Wauguzi wenzangu wa wadi walikuwa wakicheza upatu wa aina yake: kila mmoja anatoa kidogo kila mwezi, lakini fungu halipokezanwi, linatunzwa hadi litoshe safari ya wote. Wakachagua meli ya mtoni inayozunguka nchi ya mvinyo ya Bordeaux, mchana kutembelea mashamba, jioni kuonja mezani. Mmoja wao aliugua, nafasi yake ikabaki wazi, nikaingia mimi. Tulikuwa kikundi cha watu wa kila namna, hata dada mmoja mwenye asili ya Moroko ambaye hajawahi kugusa pombe. Alikuja kwa ajili ya mto na hakujuta, kwa sababu mto ule unastahili safari yake peke yake.

Mto unaopita Bordeaux ni Garonne. Maji yake ni ya kahawia, mazito kwa udongo, na mtu anayetazama kwa muda huona jambo ambalo sisi wa bara hatulizoei: mto unasimama, halafu unarudi ulikotoka. Bahari ya Atlantiki husukuma maji yake ndani kabisa ya nchi, yakajaa na kupwa hata katikati ya mji. Daraja la mawe la mji huo, lililokamilika mwaka 1822, lina matao 17, na nahodha hupita chini yake kwa kufuata saa za maji. Chini zaidi, kwenye ncha iitwayo Bec d'Ambès, Garonne hukutana na Dordogne na kuwa Gironde, mlango mpana wa bahari wenye urefu wa kilometa 75 hivi. Kingoni mwake kuna vibanda vya wavuvi vilivyosimama juu ya nguzo ndefu, kila kimoja na wavu wa mraba unaoning'inia juu ya maji. Wakati mwingine nilisahau kabisa kwamba nimekuja kwa habari ya zabibu.

Mto huo huo ndio uliojenga biashara. Mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Henry Plantagenet, ambaye miaka miwili baadaye akawa mfalme wa Uingereza, na kwa miaka 300 hivi Bordeaux ikawa chini ya taji la Waingereza, hadi vita vya Castillon mwaka 1453. Mvinyo ukashuka mtoni kwa mapipa kwenda kwa Waingereza. Baadaye wakaja Waholanzi, ambao katika karne ya 17 walichimba mifereji na kukausha mabwawa ya Médoc, ikaonekana changarawe ambayo leo inazaa mvinyo ghali kuliko karibu wote duniani. Nayasema haya kwa sababu nilikuwa nadhani Bordeaux ilipewa na Mungu jina lake kubwa likiwa tayari. Jina lile limefanyiwa kazi kwa koleo, meli, mikataba na vita.

Tulianza kwa kupanda mto hadi Cadillac, tukavuka kwenda Sauternes. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umefunika mashamba. Walitueleza kwamba kijito cha Ciron, chenye maji baridi, huingia Garonne yenye maji yenye joto zaidi, na majira ya mapukutiko ya majani hapo huzuka ukungu. Ukungu huo huleta kuvu waitwao Botrytis cinerea, ambao hutoboa ganda la zabibu, maji yakatoka, sukari ikabaki imekolea ndani. Zabibu hizo hazipendezi machoni hata kidogo: zimesinyaa, za kahawia, zina manyoya ya ukungu. Mchumaji hupita shambani tena na tena kwa wiki kadhaa, akichukua punje zilizofikia tu, nyingine akiziacha. Niliwatazama wanawake waliokuwa wakichuma wameinama na mikasi yao, na mikono yao ilinikumbusha nyumbani kuliko kitu chochote nilichokiona Ulaya. Asije mtu akachukua hapa kisingizio cha kuacha zabibu zivunde Dodoma. Kuvu yule yule, mvua ikizidi na jua likikosekana, ni uozo mtupu na hasara. Nilichojifunza Sauternes ni kwamba bei ya chupa ile inaanzia kwenye uvumilivu wa yule mwanamke na mkasi wake.

Jioni, ndani ya meli, mama mmoja wa makamo mzaliwa wa Libourne alitufundisha kuonja. Alitandika kitambaa cheupe, akatuambia tuinamishe glasi juu yake tutazame rangi ukingoni. Tunuse kabla ya kutikisa, tutikise, tunuse tena. Tupige funda dogo, tulizungushe mdomoni, tusikilize uchachu pembeni mwa ulimi na ukakasi kwenye fizi, kisha tuteme. Kulikuwa na ndoo ya kutemea mbele ya kila mmoja. Kutema kulinishangaza, lakini nilikubaliana nako mara moja. Nimeuguza wagonjwa wa ini wengi mno kuweza kuandika juu ya mvinyo kana kwamba si pombe. Ni pombe, na inaua. Mama yule alisema anayekunywa kila anachoonja, baada ya glasi ya tano haonji tena. Tangu siku ile mimi ni mwonjaji, na nyumbani kwangu Liège chupa hukaa hadi nyingine humwagwa.

Somo la ukakasi lilinigusa zaidi, kwa sababu nilikuwa nikilijua kwa mdomo tangu utotoni bila kujua kuwa ni elimu. Unatoka kwenye ganda na kokwa. Zabibu ya Cabernet Sauvignon ina punje ndogo na ganda nene, hupenda changarawe inayotunza joto, ndiyo inayotawala ng'ambo ya kushoto, Médoc. Merlot huiva mapema, hustahimili udongo wa mfinyanzi ulio baridi, ndiyo inayotawala ng'ambo ya kulia, Saint-Émilion na Pomerol. Watu hawa wanajua kila ukingo wa shamba unatoa nini. Baba naye alijua. Alituambia zabibu za upande wa juu, penye mawe, ni kali na tamu, na za bondeni ni za maji. Alijua, akapeleka zote kwenye gari moja, zikapimwa kwa kilo, zikalipwa bei moja.

Tukafika Pauillac.

Ni mji mdogo, kimya, ukingoni mwa Gironde, na ukipita tu usingedhani kwamba mashamba maarufu ya Lafite, Latour na Mouton yako hapo hapo. Kiongozi wetu alitusimulia habari ya mwaka 1855: Napoleon III aliandaa maonyesho makubwa Paris, madalali wa mvinyo wa Bordeaux wakatakiwa wapange mashamba kwa daraja, nao wakayapanga kwa madaraja matano kwa kuangalia bei ambazo mvinyo wao ulikuwa ukipata sokoni. Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion zikawa juu. Orodha hiyo iko hadi leo, na badiliko kubwa lililofanyika ni la mwaka 1973, Mouton ilipopandishwa daraja la kwanza. Wenzangu waliona ni ajabu. Mimi nilivutiwa na jambo lililofuata, ambalo kiongozi alilitaja kwa kupita, nami nikamrudisha nyuma alieleze upya.

Alisema kwamba kwa muda mrefu hata mashamba hayo makubwa hayakufunga chupa zao yenyewe. Yalikamua zabibu, yakatia mvinyo kwenye mapipa ya lita 225, yakauza kwa wafanyabiashara wa mtaa wa Chartrons, Bordeaux. Huko ndiko mvinyo ulikotunzwa, ukachanganywa na kufungwa. Wapo wafanyabiashara walioongeza mvinyo mkali wa Hermitage, kutoka bonde la Rhône, au hata wa Hispania, ili kumridhisha mnunuzi wa Kiingereza. Mwenye shamba hakuwa na la kusema. Hali ikawa hivyo hadi mwaka 1924, kijana Philippe de Rothschild, aliyekuwa na miaka 22 na amekabidhiwa Mouton miaka miwili kabla, alipoamua mavuno yote ya shamba lake yafungwe chupani pale pale, na chupa ziandikwe hivyo. Ilimlazimu ajenge ghala jipya, lenye urefu wa mita 100, kwa sababu mvinyo uliokuwa ukiondoka mapema sasa ungekaa kwake.

Nilisimama pale nikasema kwa Kiswahili, peke yangu: kumbe nao walikuwa wakiuza mchuzi.

Msomaji wa Dodoma hahitaji kuelezwa, lakini wa kwingine namweleza. Mkulima wetu anapokosa soko la zabibu, hukamua na kuuza mchuzi wa zabibu, mvinyo usiofungwa, kwa lita, kwenye mapipa ya plastiki na matangi. Mchuzi huo unaingia kwenye tangi la mtu mwingine, unachanganyika na wa vijiji vingine, na unatoka ukiwa na jina la kiwanda. Hombolo haimo, Mpunguzi haimo, Mvumi haimo. Mwaka wa mavuno haumo. Nilikuwa nimeamini kwamba tofauti yetu na Bordeaux ni jua, udongo, au damu ya watu wenyewe. Pale Pauillac nikaelewa kwamba miaka 100 iliyopita wakubwa wao walikuwa wamekaa pale tulipokaa sisi, na waliondoka kwa uamuzi unaoweza kuelezwa kwa sentensi moja.

Lakini Rothschild alikuwa tajiri, na tajiri anaweza kusubiri. Mkulima wa Hombolo mwenye karo ya Januari hawezi kuweka mvinyo pipani miaka miwili. Hilo nililiuliza wazi, na jibu nililipata kwenye vyama vya ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei zilipoanguka, wakulima wadogo wa Pauillac na wa Saint-Émilion waliunda vyama vyao, kila mtu akileta zabibu kwenye mitambo ya pamoja na kuuza kwa jina la mahali pao. Mwaka 1935 Ufaransa ikaweka sheria ya kulinda majina hayo: asiandike mtu jina la sehemu kwenye chupa kama zabibu hazikutoka huko, tena kwa aina na taratibu zilizokubaliwa. Sisi tuna AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima. Jengo lipo, katibu yupo, vitabu vipo. Hakuna aliyetuambia kwamba chombo hicho kinaweza kulinda jina la kijiji.

Kama meli ingeishia Pauillac ningerudi na matumaini mepesi. Ikavuka Gironde kwenda Blaye, penye ngome kubwa iliyojengwa na Vauban, mhandisi wa Louis XIV. Kutoka hapo tulipelekwa kwa mkulima mmoja wa kawaida, asiye na jumba wala lango la chuma. Alitupokea na mikono yenye rangi ya zabibu. Alisema msimu ule ubwiri ulimpiga vibaya mno kwenye Merlot, mvua za Juni zikifuatana na joto. Kisha akatuonyesha kipande cha shamba chenye mizabibu mizima, iliyopogolewa vizuri, akasema hiki nakiondoa majira ya baridi.

Nilidhani sikusikia. Akaeleza. Wafaransa wanakunywa mvinyo mwekundu kidogo kuliko wazazi wao, China imepunguza kununua, na maghala yamejaa. Mwaka ule ule 2023 ulikuwa umetangazwa mpango wa kung'oa hekta 9,500 hivi za mizabibu ya Bordeaux, mwenye shamba akilipwa euro 6,000 kwa hekta. Mvinyo wake wa jumla ulikuwa ukinunuliwa chini ya euro moja kwa lita, na chupa zenye neno Bordeaux zilikuwa zikipangwa madukani kwa bei ya maji ya kunywa. Kwa hiyo jina kubwa peke yake halimwokoi mtu. Likitumiwa na kila mtu kwa kila kitu, linachakaa.

Wenzangu walipoingia kuonja, mimi nilibaki naye nje. Nikamwambia kwamba sisi pia tunang'oa, Tanzania, eka tano. Hakujua kama kwetu kuna mizabibu. Akaniuliza maswali ya mkulima: mvua kiasi gani, udongo gani, mnapogoa lini. Niliposema tunavuna mara mbili kwa mwaka alicheka kwa mshangao akanitaka nirudie. Akauliza mizabibu ina umri gani. Nikamwambia mingine ni mikubwa kuliko mdogo wangu, ambaye ana watoto. Akatikisa kichwa, akasema:

"Mimi nang'oa ya bondeni, ambayo sina wa kumuuzia. Ile aliyoipanda babu kule mlimani siigusi. Mvinyo wa shamba lenu ukoje, madame?"

Sikuwa na jibu. Baba alilima zabibu maisha yake yote, na sikuwahi kumwona akionja mvinyo akijua kwamba umetoka kwenye mizabibu yake. Hapakuwa na mvinyo wa namna hiyo. Nikamweleza mkulima yule hivyo hivyo, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba kabla ya kung'oa angalau tuuonje.

Usiku ule meli ilikuwa Libourne, mtoni Dordogne. Nilimpigia kaka mkubwa simu.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe ndiye uliyetupigia hesabu ya alizeti."

"Najua, Kaka. Naomba tusubiri msimu mmoja."

"Na bei je?"

Nikamwambia sina jibu la bei. Nikamweleza habari ya vichala vya mlimani na vya bondeni, kwamba tuchume mbali mbali, tukamue mbali mbali, tuonje. Alikuwa na mashaka, na alikuwa na haki ya kuwa nayo, kwa sababu yeye ndiye anayelala kule na madeni ya duka la pembejeo. Mdogo wetu akachukua simu. Akasema yeye hakutaka kung'oa tangu mwanzo, ila hakuulizwa.

Siku ya mwisho meli ilirudi Bordeaux. Wenzangu walikwenda madukani na wengine kwenye jumba la makumbusho la Cité du Vin, lililofunguliwa mwaka 2016. Mimi nilitembea kandokando ya maji, Quai Louis XVIII, na hapo nikakuta sanamu ya mwanamke Mwafrika amesimama ameelekea mto. Bamba lilisema ni Modeste Testas. Alizaliwa Ethiopia karibu mwaka 1765 akiitwa Al Pouessi, akatekwa akiwa msichana, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux, akapelekwa kwenye mashamba yao Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Jina lao ndilo alilobebeshwa. Baadaye aliachiwa huru, akafa mwaka 1870 akiwa na miaka 105, na mjukuu wake, François Denys Légitime, akawa rais wa Haiti. Sanamu ni kazi ya mchongaji Mhaiti, Woodly Caymitte, na ilizinduliwa tarehe 10 Mei 2019.

Nilisoma bamba lile hadi mwisho nikarudia. Nilikuwa nimepitisha siku kadhaa nikivutiwa na mji huu, kuta zake za mawe ya rangi ya asali, maghala ya Chartrons, na sikuwa nimejiuliza fedha zilitoka wapi. Nikaenda Musée d'Aquitaine, ambako tangu mwaka 2009 kuna vyumba vinavyoeleza habari hiyo. Karibu safari 500 za kuwachukua watumwa Afrika ziliondoka Bordeaux, na watu zaidi ya 120,000 wakavushwa Atlantiki. Baadhi ya meli hizo, mwishoni mwa karne ya 18, zilizunguka hadi Msumbiji, upande wetu wa bara. Na zaidi ya safari hizo kulikuwa na biashara ya moja kwa moja na visiwa: meli zilikwenda na mvinyo na unga, zikarudi na sukari na kahawa iliyolimwa na watumwa. Mvinyo ulikuwa ndani ya biashara ile tangu mwanzo.

Sikuona sababu ya kuchukia yale niliyojifunza Pauillac na Blaye. Mkulima yule mwenye mikono ya zambarau hakumnunua mtu. Lakini kilichokuwa kimeanza kama hesabu ya biashara kilipata uzito mwingine. Mji huu ulijua kutunza majina. Ulitunza jina la shamba kwenye kipande cha karatasi kwa miaka mingi, ukajua changarawe ya huku na mfinyanzi wa kule, na msichana kutoka Afrika Mashariki ilimbidi asubiri hadi mwaka 2019 ndipo jina alilozaliwa nalo liandikwe ukingoni mwa mto. Nikaona kwamba kazi isiyoandikwa jina inageuka mali ya mwandishi wa jina. Sikutaka kazi ya baba iendelee kwenda hivyo, na wakati huu hakuna aliyetulazimisha.

Nilikwenda Dodoma likizo iliyofuata. Tulifika hadi kituo cha utafiti cha Makutupora kuuliza habari za aina tulizonazo, maana baba alipanda bila kuandika, na tukagundua kwamba shamba letu lina mchanganyiko wa zabibu nyekundu ya Makutupora na nyeupe kadhaa. Kipande cha bondeni, kinachotuama maji, tulikiondoa. Sasa kina alizeti na inafanya vizuri. Mizabibu ya juu ilibaki. Mdogo wangu ana daftari: tarehe ya kupogolea, dawa, mvua, siku ya kuchuma, kilo za kila mstari. Mavuno ya Agosti 2024 ya upande wa juu hayakupanda gari la jumla. Mtengenezaji mdogo wa mvinyo mjini alikubali kututengea tangi, tukakubaliana kwa maandishi kwamba mchuzi wetu hautachanganywa na wa mtu mwingine.

Chupa zilizopatikana ni chache. Karatasi yake imeandikwa Hombolo na mwaka. Kufika hapo kulihitaji alama ya ubora ya TBS, stempu za kodi za TRA na subira ambayo kaka mkubwa aliiona ni ya bure hadi chupa ya kwanza ilipofunguliwa mbele yake. Mvinyo wenyewe ni mchachu kidogo kuliko ninavyopenda na ukakasi wake bado haujatulia, lakini mwishoni una kitu kikavu, cha joto, ambacho sikukikuta kwenye glasi yoyote kule mtoni. Mama hanywi, ni mzee wa kwaya. Aliishika chupa akasoma jina la kijiji kwa sauti, akauliza kwa nini hatukuandika na la baba. Mwaka unaofuata litakuwepo.

Nisimdanganye mtu kuhusu fedha. Zabibu zetu nyingi bado zinauzwa kwa kilo na bei bado ni ndogo. Chupa zile zimerudisha gharama zake na kubakiza kidogo, basi. Majirani wachache wa upande wa juu wameanza madaftari yao, na kwenye mkutano wa AMCOS tumeomba tangi moja la pamoja la zabibu za mteremko ule tu. Hoja imepokelewa, fedha bado.

Wewe uliye Dar es Salaam, Muscat au Liège, ambaye ndugu zako wamekuandikia kwamba mizabibu haina faida na wanataka kuing'oa, omba kwanza wakukamulie ndoo moja ya kila upande wa shamba, muionje pamoja, mwandike mlichokiona, ndipo muamue. Pengine mtang'oa, na itakuwa halali. Na ninyi wenye hoteli na migahawa Dodoma, mnaoweka chupa za Ufaransa na Afrika Kusini mbele na kuficha za nyumbani nyuma ya kaunta, ziwekeni zetu kwenye orodha, na kando ya kila moja andikeni jina la kijiji na mwaka wa mavuno.